Darubini Isiyo na Tundu

Miaka kumi na tisa Eduvina Carvajal
anapiga deki chini ya kioo kikubwa
mlimani, bonde la Elqui, kaskazini mwa Chile,
mahali ambapo mvua ni habari ya kusimuliwa.
Kioo kina upana wa mita nane.
Alumini iliyokifunika ni nyembamba
kuliko ganda la ndani la kitunguu,
na amri mlangoni ni moja tu:
USIPIGE CHAFYA.

Majirani humuuliza: umeona nini huko juu?
Hujibu: ndoo.
Maana darubini ile haina tundu la kuchungulia.
Nuru hushuka, hugonga kioo, hurudi juu,
hudakwa na mashine baridi kuliko kaburi,
na vijana wenye soksi za sufu
hukodolea tarakimu hadi alfajiri, wakitafuna biskuti.
Makombo ni fungu lake.

Usiku mmoja Leocadio, mwanafunzi, alimwonyesha
doa la kijivu kwenye skrini.
"Hii iliondoka kwake dunia haijawa na samaki."
Akalitazama kama mtu atazamavyo barua ya deni.
"Aliyeituma amekwisha kufa?"
"Huenda."
"Na sisi ndio tunaisoma."
Akakamua tambara.

Marehemu mama yake alichunga mbuzi bila saa.
Vile vinyota vilivyosongamana,
ambavyo mimi nawe tunaviita Kilimia
kwa kuwa kwetu vilituita shambani,
yeye aliviita Mbuzi Saba,
na mmoja, alisema, daima amepotea:
ukihesabu kwa jicho unapata sita.
Darubini huhesabu mamia, akasema Leocadio.
"Basi zizi limejaa. Mama angelala usingizi."

Ni Leocadio pia aliyemweleza
juu ya watu wa kale, kabla kioo hakijasagwa,
waliokaa juu ya mapaa ya matofali
wakichora kwenye udongo mbichi mahali mwezi ulipolala,
baba akimwachia mwana kijiti,
hadi hesabu ikajitokeza yenyewe:
miaka kumi na minane, siku kumi na moja,
saa nane hivi,
na kivuli hurudi.

"Hurudi palepale?"
"Hapana, bibi. Katika zile saa nane
dunia imekwisha jigeuza. Kinaangukia wengine."

Hakusema neno.
Amaro, mwanawe, aliondoka kwenda Gothenburg
miaka kumi na minane iliyopita. Siku hakuzihesabu.

Kisha ikaja Jumanne ile ya Julai.
Mabasi, mahema, yai likauzwa bei ya kuku.
Miwani yake ya karatasi alimpa mtoto wa jirani;
yeye akatoka uani na chujio la tambi.
Kila tundu likadondosha jua vumbini,
vijua themanini, tisini,
kila kimoja kimeng'atwa ubavuni.
Havikuumiza macho. Akavikanyaga kidogo, akacheka.

Baridi ikatangulia.
Kivuli kikavuka mgongo wa mlima
kama mtu anayevuta blanketi bila kuomba.
Mbuzi wakapanga foleni. Kuku wakapanda.

Kwetu husemwa jua limepatwa,
kama mtu anavyopatwa: na homa, na msiba.
Eduvina hakijui Kiswahili
lakini aliweka kiganja kifuani
kama aliyefika matangani.
Akainua uso mtupu:
juu pale palikuwa na tundu,
jeusi, la duara, lenye nywele nyeupe za nuru pembeni,
na kwa dakika mbili na kitu
yeyote aliweza kuchungulia.

Simu ililia kabla jogoo hajamaliza kuchanganyikiwa.
Sauti ya Amaro ilichelewa kidogo, kama kawaida.
"Umeliona, mama? Lilikuwaje?"
Akatafuta neno. Chujio bado li mkononi,
vijua vinanenepa polepole miguuni.
"Kuku walilala," alisema.
Akangoja hilo limfikie.